Fimbo ya Topedo Mkononi: Je, Ndiyo Iliyowasha Moto wa Yankees?

Karibuni, karibuni wadau. Leo ninayo. Hii hapa, itazameni vizuri. Mmeniomba tangu wiki ya kwanza ya msimu, kila nikifungua ujumbe ni "topedo, topedo, lini utatuonyesha topedo?", ile fimbo ya besiboli yenye umbo jipya Haya, imefika New Jersey, iko mkononi mwangu. Na kabla sijaigonga kwenye chochote niseme wazi kabisa: fimbo hii naipenda. Naipenda sana. Ila nina ugomvi na namna inavyouzwa, na nina ugomvi mkubwa zaidi na kila anayesema ndiyo iliyowabeba Yankees, timu yetu ya besiboli ya New York, msimu wa 2025.

Urefu, uzito, rangi, hayo sitawachosha nayo, kila duka limeandika. Ni mbao ya maple, inchi 33, basi. Ninachotaka mkione ni umbo. Sogeza kamera, sogeza tena. Hapo. Hii ya kushoto ni fimbo ya kawaida, nayo ni inchi 33, maple vilevile. Inaanza nyembamba mkononi, inanenepa, inanenepa, na unene unakwenda hivyo hivyo mpaka ncha. Sasa hii ya kulia. Inanenepa mapema, inafika unene wake wote hapa, karibu na nembo, halafu inarudi kupungua kuelekea ncha. Kama muhogo. Hakuna chuma ndani, hakuna betri, hakuna ujanja. Kanuni za ligi kuu ya Marekani zinataka kipande kimoja cha mbao, cha mviringo, kisichozidi inchi 2.61 kwa unene wala inchi 42 kwa urefu. Hii imo ndani ya kanuni. Kwa hiyo wale wanaoandika "wamedanganya, wanyang'anywe ushindi", tafadhali tuache. Wamehamisha mbao tu.

Kwa mgeni wa besiboli ambaye leo ndiyo mara yake ya kwanza kwenye chaneli, nikupe kisa chenyewe. Tarehe 29 Machi 2025, Yankee Stadium, mechi ya pili ya msimu, dhidi ya Milwaukee Brewers. Mrushaji wa Milwaukee ni Nestor Cortes, ambaye mwaka 2024 alikuwa wetu Yankees. Mpira wake wa kwanza, mpigaji wetu Paul Goldschmidt anaupiga unatoka nje ya uwanja. Homurani. Wa pili, Cody Bellinger, nje. Wa tatu, Aaron Judge, nje. Mipira mitatu, homurani tatu! Watu hawajakaa vizuri vitini. Siku ile zilipigwa homurani 9, rekodi ya klabu hii kwa mechi moja, na ilibaki moja tu kuifikia rekodi ya ligi nzima, ile ya Toronto ya 1987. Matokeo 20 kwa 9. Na kwenye matangazo mtangazaji Michael Kay akaeleza kwamba kitengo cha takwimu cha Yankees kilimchunguza mchezaji wao Anthony Volpe, kikaona mipira mingi anaigusa karibu na nembo ya fimbo, si kule mbele kwenye unene. Basi wakauleta unene kule anakogusia yeye. Baada ya maneno yale dunia nzima ikataka topedo.

Mwenye sifa hapa ni Aaron Leanhardt, mtu wa fizikia, amesoma MIT, amefundisha Chuo Kikuu cha Michigan, akaacha yote akaingia kwenye besiboli. Wakati hesabu hii inafanyika alikuwa Yankees. Msimu wa 2025 alikuwa timu ya Miami Marlins. Huyu mtu aliuliza swali la kawaida kabisa: kwa nini mbao nyingi iwe mahali ambapo mpira haugusi? Zaidi ya miaka mia ya ligi, na fimbo zimechongwa namna ileile. Mimi swali kama hilo linanifurahisha kuliko homurani yenyewe.

Sasa tuijaribu. Jambo la kwanza, mizani. Naweka fimbo ya kawaida juu ya kidole kimoja, natafuta pale inapotulia... inatulia hapa. Naweka alama ya chaki. Naweka topedo... mnaona? Imetulia karibu zaidi na mkono. Tuziweke pamoja, tazameni hizo alama mbili. Hiyo tofauti mkono unaihisi papo hapo. Ukiizungusha, ncha haikuvuti. Inakuja upesi. Na kwa mpigaji, muda ni kila kitu: mpira wa maili 95 kwa saa unakufikia chini ya nusu sekunde, na ndani ya muda huo uamue unapiga au unaacha. Fimbo inayokuja upesi inakupa kupepesa jicho moja zaidi la kuamua.

Jambo la pili, na hapa naomba mnyamaze kabisa, msikie. Nyundo ndogo ya mpira. Naishika fimbo kwa vidole viwili tu, naigonga kuanzia ncha kushuka. Hapa... inatetemeka, vidole vinawasha. Hapa bado. Hapa bado. Hapa! Mmesikia sauti ilivyobadilika? Imekuwa safi, na vidoleni hakuna mtetemo kabisa. Hapo ndipo mpira ukigusa unaondoka bila fimbo kukunyang'anya nguvu. Kwenye ile ya kawaida mahali hapo pako juu kidogo, kuelekea ncha. Kwenye topedo pameshuka. Rudia, nataka wa nyuma wasikie. Ncha... katikati... hapa. Raha iliyoje!

Jambo la tatu ndilo la maana kuliko yote, na ndilo nililopelekea fimbo hii kwenye kizimba cha mazoezi, kile chenye mashine ya kurusha mipira. Mipira tuliipaka unga wa chaki, kila ukigusa fimbo inabaki alama. Tazameni picha. Hii ni fimbo niliyopiga mimi. Alama zangu ziko wapi? Juu, karibu na ncha, karibu zote. Maana yake nini? Maana yake mimi topedo hainifai. Pale ninapogusa mimi, wameondoa mbao. Mipira yangu ilikuwa inatoka mizito, inaanguka karibu. Sasa tazameni fimbo aliyopiga kijana wa jirani yetu, anacheza besi ya pili shuleni kwao. Alama zake ziko chini, kwenye nembo. Yeye alipoishika topedo mipira ilikuwa inalia! Mashine ileile, kasi ileile, fimbo ileile. Mikono tofauti.

Ndiyo sababu nina ugomvi na wauzaji. Wadau, mwaka 2025 bei ilikuwa dola mia mbili na kitu. Kwa Kenya hiyo ilikuwa zaidi ya shilingi elfu ishirini na tano, Tanzania zaidi ya nusu milioni, na hujalipia kuisafirisha. Kwa mbao inayoweza kuvunjika leo jioni! Na hakuna aliyeniuliza ninagusa mpira wapi. Hakuna. Volpe amechongewa yake kwa vipimo vyake, wewe unauziwa umbo moja la watu wote na unaambiwa ndilo lilelile la Yankees. Si lilelile. Nawafikiria hasa watoto wa Uganda, maana wale ndio wenye besiboli ya kweli kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza Kombe la Dunia la Ligi Ndogo kule Williamsport, Pennsylvania. Kocha wa kule akiwa na dola mia mbili, namwomba anunue mipira na glavu. Unga wa chaki ni bei rahisi, aanze kujua watoto wake wanagusa wapi.

Haya, sasa Yankees. Najua wengine mmengojea hapa tu.

Katika mechi tatu za kwanza walipiga homurani 15. Wenye topedo walikuwa Volpe, Bellinger, Goldschmidt, Jazz Chisholm, na mdakaji Austin Wells. Sawa. Lakini siku ile ya homurani 9, tatu zilipigwa na nani? Na Aaron Judge, moja ikiwa na watu kwenye besi zote. Na Judge alitumia fimbo gani? Ya kawaida! Ileile aliyopigia homurani 62 mwaka 2022 na 58 mwaka 2024, alisema hana haja ya kubadilisha. Alimaliza Aprili 2025 kwa wastani wa .427, yaani alifanikiwa kupiga kama mara 43 katika kila 100, na homurani 10. Mtu mrefu futi 6 na inchi 7, mikono mirefu, anagusa mpira kule mbele. Umuondolee mbao kule mbele kwa faida gani? Halafu mtazame Jazz, alikuwa na topedo mkononi na Aprili nzima wastani wake ulikuwa chini ya .200, kisha akaumia mbavu. Watu tofauti, majibu tofauti. Hilo ndilo lile la chaki.

Kwa hiyo tukizungumzia kikosi, tuzungumze watu. Juan Soto, mpigaji wetu wa 2024, aliondoka, Mets, timu nyingine ya New York, wakampa dola milioni 765 kwa miaka 15. Iliuma, nami niliumia. Lakini Brian Cashman, meneja mkuu wa Yankees, hakukaa akilia. Alimchukua mrushaji Max Fried kwa milioni 218 kwa miaka minane, na Fried mpaka mwisho wa Aprili 2025 hakuwa amepoteza mechi hata moja. Alimchukua Goldschmidt kwa mwaka mmoja, milioni 12.5, mzee wa miaka 37 ambaye watu walisema amekwisha. Amekwisha vipi na alipiga vile? Huo ndio uliokuwa usajili bora wa bei katika ligi nzima, nalisema bila kusita.

Kilichonikosesha usingizi ni warushaji. Gerrit Cole alifanyiwa upasuaji wa kiwiko mwezi Machi 2025, msimu wote hakuwepo. Luis Gil, aliyekuwa mchezaji bora chipukizi mwaka 2024, aliumia hata kabla ya msimu. Marcus Stroman goti. Tulifika mahali pa kuanza msimu tukimtegemea Carlos Carrasco wa miaka 38. Na yule mrushaji Devin Williams, tuliyemtoa Cortes ili tumpate, ambaye hata ile kanuni ya zamani ya klabu ya kutofuga ndevu ililegezwa msimu wake wa kwanza hapa, alipewa kazi ya kufunga mechi, yaani kurusha mwishoni kulinda ushindi, na mechi hazikufungika. Mwishoni mwa Aprili kocha Aaron Boone akamtoa, akampa Luke Weaver. Uamuzi sahihi. Ningependa angeufanya wiki moja mapema. Uwanja mzima ulikuwa unamzomea mtu, na mrushaji akishapoteza imani na mpira wake humsaidii kwa kumrudisha palepale kesho.

Na besi ya tatu! Timu yenye pesa hizi iliingia msimu bila mtu wa kudumu wa besi ya tatu, tukawapokezana Oswaldo Cabrera na Oswald Peraza. Cabrera alijituma, moyo wake mkubwa, nampenda. Ila Boston walimchukua Alex Bregman, mtu wa besi ya tatu, na Dodgers wa Los Angeles waliotufunga mechi 4 kwa 1 kwenye fainali za 2024 ndio walizidi kuongeza warushaji, Blake Snell, Roki Sasaki. Hao hutawafikia kwa kuchonga mbao. Nilimtaka Cashman anunue mrushaji na mtu wa besi ya tatu kabla dirisha la Julai halijafungwa, basi.

Tangazo la chaneli: wenye fimbo pigeni chaki mnitumie picha za alama zenu. Atakayekuwa na alama kwenye nembo, nitamwambia mwenyewe anunue topedo.