Lyman 429421: kalibu ya kusubia risasi za rivolva ya .44 Magnum

Umbo ni lile la Elmer Keith, mwandishi wa bunduki wa Marekani: pua bapa, bega lenye makali, mfereji wa grisi na mfereji wa kukunjia mdomo wa ganda. Risasi hutoka na greni 245 hivi, karibu gramu 16, kutegemea mchanganyiko wa madini. Ikiondoka kwa futi 900 hadi 1,000 kwa sekunde, hupenya nguruwe pori upande hadi upande kwa masafa ya kawaida ya rivolva, na kiganja hakiumii. Haihitaji kutanuka, pua bapa inatosha.

Cha kuangalia kwanza ni kipenyo. Mtutu ukigandwa na madini, wengi hukimbilia kuongeza ugumu, kumbe mara nyingi risasi ni nyembamba: gesi hupita pembeni na kuiyeyusha. Pima koo la kila chumba cha silinda, yaani tundu la mbele ambako risasi hutokea, kisha pima mtutu. Ikiwa mtutu ni inchi 0.429, koo la 0.430 ni zuri, na risasi iwe 0.430 pia. Risasi isukumwe kooni kwa kidole. Ikidondoka yenyewe ni nyembamba mno. Koo likiwa jembamba kuliko mtutu, hakuna kalibu itakayokuokoa. Hiyo ni kazi ya fundi bunduki.

Kwa kasi hii, ugumu wa 10 hadi 12 kwenye kipimo cha Brinell unafaa. Madini ya risasi sehemu 20 kwa bati sehemu 1 hufika hapo. Vipande vya kusawazishia magurudumu pia vinafaa, ila siku hizi vingi ni zinki. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419 za Selsiasi, madini ya risasi kwenye 327, kwa hiyo weka chungu chini ya 370 na uopoe vinavyoelea. Risasi zenye mikunjo? Kalibu ni baridi au ina mafuta. Zikiwa na ukungu mweupe, joto limezidi kidogo, lakini zinatumika.

Baruti ya Unique inaendana vizuri na risasi hii. Anza na kiwango cha chini cha mwongozo wa mtengenezaji. Baruti ya H110 iache kabisa: mtengenezaji wake anakataza kuipunguza zaidi ya asilimia 3, kwa hiyo haifai kwa mzigo (kiasi cha baruti) wa wastani. Hatari ya Unique ni nyingine. Kipimo ni kidogo na ganda la Magnum ni kubwa, hivyo vipimo viwili huingia humo bila kumwagika. Mulika kila ganda kwa tochi kabla ya kuweka risasi.

Mdomo wa ganda ukunjwe imara ndani ya mfereji wake. Ukilegea, mshtuko huzivuta mbele risasi zilizobaki hadi pua itokeze na silinda igome kuzunguka.