Reli ya Kasese: treni irudi, au tuiachie baiskeli?

Kila tukikaa kijiweni mjadala ni huohuo. Reli ya Kampala–Kasese, magharibi mwa Uganda, ilikamilika mwaka 1956, ikabeba shaba ya mgodi wa Kilembe. Leo mahali pengine tuta lake limemezwa na migomba, na mtu ameanika maharage juu ya mataruma.

Kwa gharama, baiskeli inashinda kwa mbali: ng'oa chuma, mwaga muramu (udongo mwekundu wa kutengenezea barabara), shindilia. Tena miinuko ni ya taratibu, maana treni haiwezi mlima mkali. Hata mzee aliyefunga mikungu ya matoke kwenye keria atapanda bila kushuka. Matunzo? Mvua ikichimba mitaro, majembe yanatosha. Madaraja ni kichwa kuuma kwa wote wawili.

Ila njia ya baiskeli haibebi saruji wala makontena, na chuma kikishauzwa skrepa hakirudi. Marekani, sheria ya 1983 inaruhusu watu watembee huku njia ikitunziwa treni ya baadaye. Hilo ningelipenda huku.

Mwenye mizigo Kasese, dai treni. Mwenye watoto wanaoenda shule wakikwepa malori, njia ya baiskeli na miguu itakufaa mapema zaidi.