Jiko la makaa: kabla ya kuuliza bei, funga mlango wake

Wasomaji wengi wananilalamikia jambo moja: wamenunua jiko la kuokoa makaa, na makaa yanaisha vile vile. Nikiwauliza kama mlango wa jiko unafunga, wengi hawajawahi hata kuutazama.

Ukubwa na rangi nawaachia wenyewe, sufuria zenu mnazijua. Mimi shida yangu ni ule mlango mdogo wa chini, unaoingiza hewa na kutolea majivu. Maharagwe yakishachemka hayataki tena moto mkali, yanataka kutokota. Hapo unafunga mlango, hewa inapungua, makaa yanawaka pole pole. Lakini mlango ukiwa umepinda, au umeshikiliwa na ribiti moja iliyolegea, hewa inapita tu, na makaa yanateketea hata sufuria ikishaepuliwa. Pesa yako inaungulia hapo.

Kwa hiyo ukiwa bado kwa muuzaji, funga mlango, kisha chukua njiti ya kiberiti uipitishe kwenye ukingo wake. Ikipenya kila upande, mrudishie jiko lake.

Ninaloliweka la kwanza ni Jikokoa, la kampuni ya BURN yenye kiwanda Ruiru, karibu na Nairobi, na sifichi kwamba nalipendelea. Lina trei ya majivu ya kuvuta: ukiitoa hewa inaingia, ukiisukuma ndani moto unatulia. Tena si mimi tu ninayelisifu. Watafiti waliofuatilia familia za kipato cha chini Nairobi, katika utafiti uliochapishwa 2022, walikuta waliopata jiko hili wamepunguza pesa za makaa kwa asilimia 39. Kwa mtu anayenunua makaa kwa mkebe kila siku, hiyo ni karo inayotoka jikoni. Wakati wa utafiti jiko liliuzwa kama dola 40, na wengi hawakuwa tayari kutoa pesa hizo kwa mkupuo. Walipopewa nafasi ya kulipa kidogo kidogo, kiasi walichokubali kulipa kiliongezeka maradufu. Watu jiko wanalitaka, kinachowashinda ni kutoa pesa zote siku moja.

La pili ni jiko letu la udongo ndani na bati nje, lile lenye kiuno, tulilolizoea tangu miaka ya 1980. Mafundi wa Shauri Moyo, Nairobi, na wenzao wa jua kali wanalitengeneza vizuri wakitaka. Mulika ndani kwa tochi ya simu, uugonge udongo kwa kifundo cha kidole: mzima unalia, wenye ufa unatoa sauti ya kufa. Uzuri wake ni kwamba udongo ukipasuka unaweza kuwekewa mwingine. Ubaya ni mlango, mlango, mlango! Fundi anahangaika na udongo, kisha mlango anaukata ovyo. Mwambie aunyooshe mbele yako kabla hujatoa hata shilingi, na asikwambie utakaa sawa ukishapata moto.

Jiko la bati tupu ni la bei rahisi, lakini joto linatokea ubavuni. Liache.

Kikapu cha kupikia, kile cha kutunza joto, ninakiongeza pembeni, kwa sababu githeri, yaani mahindi na maharagwe, iliyochemka vizuri ikifunikwa humo inaendelea kuiva bila kaa hata moja. Na jiko lolote utakalochukua, usilifungie ndani ya chumba kisicho na hewa usiku, hata moto ukiwa umefifia. Moshi wake usioonekana unaua.

Sasa wauzaji. Tangu Februari 2018, serikali ya Kenya iliposimamisha ukataji wa miti misituni na makaa yakapanda, kila jiko lilibandikwa maneno ya kuokoa makaa, hata lile lisilo na mlango kabisa. Kuna duka nililokataliwa kufunguliwa boksi, eti likifunguliwa nimeshanunua. Nitajuaje kama trei inaingia sawasawa? Na kwenye malipo ya kidogo kidogo utatajiwa ya wiki tu, jumla wanaimeza. Piga hesabu yote hapo hapo, uilinganishe na bei ya taslimu. Tofauti ikizidi makaa utakayookoa miezi miwili mitatu, ungana na jirani mchangiane mnunue moja moja kwa zamu, kwa pesa taslimu, na boksi lifunguliwe mbele yenu wote wawili.