Exact Audio Copy: programu ya kunakili CD isiyoficha makosa

Programu nyingi za kunakili CD za muziki hukupa mafaili yanayocheza vizuri hata pale ambapo diski haikusomeka. Hapo ndipo penye hatari. CD ya sauti hubeba sampuli, yaani vipimo vya sauti, 44,100 kwa sekunde kwa kila upande wa stirio, zikiwa zimepangwa katika sekta 75 kwa sekunde, kila sekta baiti 2,352. Kwenye CD ya data, baiti 2,048 tu za sekta ndizo hubeba data, na sehemu kubwa ya zinazobaki ni kinga ya ziada dhidi ya makosa. Kwenye CD ya muziki, baiti zote 2,352 ni sauti. Kinga iliyopo ni ile ya msingi tu, iitwayo CIRC, inayoweza kurudisha kikamilifu pengo la kama milimita 2.5 kwenye njia ya leza. Mkwaruzo ukizidi hapo, draivu inakisia: inaangalia sampuli ya kabla na ya baada, kisha inajaza katikati. Kwa redio ya sebuleni si neno. Kwa nakala ya kutunzwa, makisio hayo yanakuwa sehemu ya wimbo milele, na hakuna aliyekwambia.

Exact Audio Copy, au EAC kwa kifupi, iliandikwa na Andre Wiethoff wa Ujerumani na imekuwepo tangu 1998. Ni ya bure kwa matumizi binafsi, nayo ni ya Windows pekee. Katika hali yake ya "Secure" husoma kila sekta angalau mara mbili na kulinganisha. Zikitofautiana, hurudia kwa mikupuo ya kusoma mara 16, ikitaka angalau majibu 8 yafanane. Mikupuo inaweza kufika mitano, kwa hiyo sekta mbovu husomwa hadi mara 82. Ikishindwa kabisa, inaandika kwenye ripoti dakika na sekunde ya pale iliposhindwa. Ripoti hiyo ndiyo sababu ya kuichagua, kwa sababu unajua ni wimbo gani, mahali gani, urudi kuusikiliza kwa makini au utafute diski nyingine.

Kazi iko kwenye kuiandaa, na wengi hukosea hapa. Bonyeza F10 ukiwa umeweka diski ya muziki isiyo na mikwaruzo, kisha iambie ichunguze draivu yako. Itakujibu mambo matatu. La kwanza ni kama draivu inarudisha sauti kwa mpangilio usioteleza. Draivu nyingi za leo hufanya hivyo. La pili ni kashe, na ndilo zito kuliko yote. Draivu yenye kashe huhifadhi ilichosoma muda mfupi uliopita, hivyo EAC ikiomba sekta ileile mara ya pili, inapewa jibu la kwanza kutoka kwenye kumbukumbu bila diski kuguswa. Majibu mawili yatafanana daima, hata yakiwa mabovu yote mawili. Ikigundulika kwamba kashe ipo, weka alama kwenye kisanduku chake. Kasi itashuka sana lakini usomaji utakuwa wa kweli. La tatu ni taarifa za makosa za C2, yaani draivu yenyewe kusema wapi haikusoma sawasawa. Kisanduku hiki kiache kitupu hata ukiambiwa draivu inaziweza. Zipo draivu zinazosema hakuna kosa wakati lipo, na EAC ikiziamini, haitasoma mara ya pili.

Halafu kuna ofseti. Kila modeli ya draivu huanza kusoma kabla au baada ya mahali halisi kwa idadi ileile ya sampuli kila mara. Draivu nyingi za Plextor ni +30, nyingi za Pioneer ni +667, na +6 ni ya kawaida sana kwenye draivu za kompyuta za mezani. Sampuli 667 ni kama milisekunde 15, sikio halitajua. Umuhimu wake ni ulinganisho: nakala yako haiwezi kulinganishwa na ya mtu mwingine mpaka zote zianzie mahali pamoja. AccurateRip, hazina ya mtandaoni ya matokeo ya watu wengine inayokuja na EAC, hupanga ofseti yenyewe ukiweka diski inayoitambua. Diski za taarabu, dansi au injili zilizotolewa kwa nakala chache Dar es Salaam au Mombasa mara nyingi hazimo humo, kwa hiyo azima albamu yoyote ya kimataifa iliyouzwa sana uitumie kwa kazi hiyo moja. Ukishapata ofseti, hutahitaji kurudia mpaka ubadilishe draivu.

Kunakili kwenyewe ni F4 kutambua mapengo kati ya nyimbo, kisha Shift na F6. Amri hiyo husoma kila wimbo mara mbili kutoka mwanzo hadi mwisho na kutoa namba ya CRC, inayokokotolewa kutoka kwenye sauti iliyosomwa, kila mara. Namba mbili zikifanana, umeupata. Kiwango cha ubora cha 99.7% kisikutishe, maana yake ni kwamba kulikuwa na kurudiarudia, si kwamba kuna kosa. Cha kukutisha ni neno "Suspicious position" likifuatiwa na muda, au CRC mbili zisizolingana. AccurateRip ikikuambia kwamba watu wengine wanne wamepata matokeo sawa na yako, hakuna ushahidi mkubwa zaidi ya huo. Ikisema diski haimo, CRC mbili zinazofanana ndizo ushahidi wako, na ndiyo maana kwa muziki wetu usiruke hatua hiyo ili kuokoa robo saa. Diski nzima ya saa moja huchukua kama dakika 20 hadi 40 kwa njia hii. Yenye mikwaruzo inaweza kula saa kadhaa.

Kabla ya kulaumu programu, itazame diski. Ifute kwa kitambaa laini chenye maji kidogo, kutoka katikati kuelekea ukingoni kwa mstari ulionyooka. Ukifuta kwa kuzungusha, mkwaruzo mpya utafuata njia ya leza na kuzidi ule uwezo wa milimita 2.5. Upande wa chini una plastiki ya unene wa karibu milimita 1.2, hivyo mkwaruzo mdogo hapo huvumilika. Upande wenye maandishi ndio dhaifu: tabaka linaloakisi limefunikwa na rangi na vanishi tu. Inua diski kwenye taa. Ukiona vitundu vya mwanga, data ya hapo imekwenda. Stika usiibandue, huondoka na tabaka hilo. CD za kuchomwa nyumbani hufifia kwa jua na joto, kwa hiyo anza na hizo, na uzisome kwa kasi ndogo. Draivu nyembamba za USB husumbua kwenye diski mbovu, na zikikosa umeme wa kutosha kutoka kwenye laptopu hukatika katikati ya kazi. Draivu nene ya kompyuta ya mezani, hata ya mitumba, mara nyingi husoma vizuri zaidi.

Diski nyingine si CD za muziki kabisa. Ifungue kwenye Windows: ukiona mafaili ya .cda yenye baiti 44, EAC ndiyo mahali pake. Ukiona .mp3, kama zile diski za nyimbo mia na hamsini, nakili mafaili hayo jinsi yalivyo. Kuyageuza kuwa FLAC, muundo unaobana sauti bila kupoteza kitu, ni kuongeza ukubwa bila kuongeza hata chembe ya sauti. Ukiona folda ya MPEGAV yenye faili la .DAT, hiyo ni VCD, diski ya video, na sauti yake ni MP2 ya kilobiti 224 kwa sekunde. Itoe kwa programu ya ffmpeg kwa amri ya kunakili mkondo wa sauti bila kuubana upya.

Kwa muundo wa kuhifadhia, FLAC. Bonyeza F11, chagua programu ya nje, elekeza kwenye flac.exe, na uandike mstari huu:

-8 -V -T "ARTIST=%artist%" -T "TITLE=%title%" -T "ALBUM=%albumtitle%" -T "DATE=%year%" -T "TRACKNUMBER=%tracknr%" %source% -o %dest%

Ondoa alama kwenye kisanduku cha kuongeza ID3, lebo za majina za MP3, maana lebo za aina hiyo kwenye FLAC huzitatiza baadhi ya programu. -V hukagua kila faili wakati linabanwa. Saa moja ya muziki, ambayo bila kubanwa ni kama MB 635, mara nyingi hushuka hadi kati ya MB 300 na 400. Diski mia tatu zinaingia kwenye GB 120 hivi. MP3 za simu zitengeneze kutoka kwenye FLAC wakati wowote. Kinyume chake hakiwezekani.

Pale EAC inapochoka ni kwenye majina. Chanzo chake cha zamani, freedb, kilifungwa 2020, na ingawa F12 inakuruhusu kuchagua kanzidata ya CUETools, diski zetu nyingi zitatokea "Track01" mpaka mwisho. Usichape huko ndani. Nakili kwanza, kisha fungua MusicBrainz Picard, programu ya kuweka majina kutoka kanzidata ya MusicBrainz, ambayo pia ni bure. Kama albamu haimo, iongeze mwenyewe kwenye MusicBrainz ukiwa na kijitabu chake mkononi, na anayekufuata ataikuta.

Amua kanuni za majina mapema. NUTA Jazz ilikuja kuwa Juwata Jazz, kisha OTTU Jazz, na leo ni Msondo Ngoma. Ukiandika kila moja peke yake, bendi moja inatawanyika mahali panne. Ukiziita zote Msondo, unafuta historia. Weka jina lililochapwa kwenye diski katika lebo ya ARTIST, na katika ARTISTSORT, lebo ya kupangia, uweke moja tu kwa zote. Bi Kidude asigeuke Fatuma binti Baraka kwenye albamu nyingine. Mkusanyiko wa wasanii wengi uwe na ALBUMARTIST moja, "Wasanii Mbalimbali", la sivyo albamu moja itavunjika kuwa ishirini. Na uchague kati ya "Taarab" na "Taarabu" mara moja tu. Vijitabu viskani kwa 600 dpi, maana majina ya watunzi na wapiga magitaa mara nyingi hayako popote pengine.

Sura ya EAC ni ya kizamani, maelezo yake yanachanganya, na saa ya kwanza itakuwa ngumu. Mwenye CD kumi zinazopatikana pia kwenye huduma za mtandaoni hana haja nayo. Mwenye Mac atumie XLD, mwenye Linux atumie whipper. Zote mbili hukagua kwa AccurateRip. Asiyetaka kuhangaika na mipangilio na yuko tayari kulipa achukue dBpoweramp. Kwa sanduku la diski ambazo huenda ziko kwako tu, EAC ndiyo ya kutumia. Faili la ripoti liache ndani ya folda ya albamu, unakili folda nzima kwenye diski mbili za nje, na mara moja kwa mwaka uendeshe flac -t, amri ya kukagua kama mafaili bado ni mazima, juu ya zote mbili.