Friji ya volti 24 kwenye kebini ya semi: miezi 8 Dar–Lubumbashi, inalipa au hailipi?

Wakuu habari za barabarani. Kuna jamaa kadhaa tulikaa pamoja pale mizani ya Vigwaza nikawaahidi nikishakaa na hii friji muda wa kutosha nitaandika nilichokiona, maana kila mtu anauliza bei tu, akitajiwa bei anageuza shingo anaondoka. Sasa miezi 8 imepita. Naandika yote, friji yenyewe na makorokoro mengine niliyojaza humo ndani, nilipopatia na nilipopigwa.

Mi navuta kichwa cha Scania, njia yangu ni Dar, Tunduma (mpaka wa Zambia), Kapiri Mposhi, Kasumbalesa (mpaka wa Kongo) mpaka Lubumbashi, karibu kilomita 2,000 kwenda tu, na mnaoijua mnajua kwamba kilomita sio shida, shida ni kusimama. Foleni ya Tunduma yenyewe inaweza ikakulaza siku mbili tatu, na Kasumbalesa nayo bado inakusubiri. Hapo kebini ndo chumba, ndo sebule, ndo stoo. Na huwezi kusema uwashe injini usiku kucha ule kiyoyozi cha gari, injini ikinguruma gari limesimama inakunywa kama lita 2 hadi 3 za dizeli kwa saa, na siku hizi bosi amekaa zake Dar anaangalia traka, unashtukia simu saa nane usiku, "mbona gari limewaka na haliendi?"

Nilianza kwa kupigwa. Duka moja mjini, silitaji, waliniuzia kile kifriji cha bei chee, 180,000, kinanguruma kafeni kidogo, ndani hamna kompresa, ile pampu ya gesi inayopooza friji za kweli. Muuzaji ananiambia hii inagandisha mpaka barafu. Wakuu, kile kidude kinachoweza ni kushusha joto nyuzi 15 mpaka 20 hivi chini ya joto la nje, basi. Sasa wewe uko Ruaha Mbuyuni saa nane mchana nyuzi 36, ndani unapata ngapi? Maziwa yaliganda kweli, lakini yaliganda mtindi. Na kinakula umeme muda wote hakipumziki. Nilimpa shemeji anawekea soda nyumbani, nadhani hata yeye ameshakigeuza kabati.

Hii ya sasa ni ya lita 35, ya kompresa, inakubali volti 12 na 24 yenyewe bila kubadilisha kitu, niliipata Kariakoo kwa 620,000 baada ya kubishana kuanzia 750,000. Inashuka mpaka chini ya sifuri, nyama inakuwa jiwe. Kompresa ikiwa inafanya kazi inavuta kama wati 45, yaani kwa volti 24 hata ampea 2 hazifiki, na ikishapoa inazima inapumzika inawaka tena. Kwa usiku mzima inatumia kama ampea-saa 10 (ndo kipimo cha umeme unaobebwa na betri), betri zangu ni za ampea-saa 180, asubuhi unapiga stata gari linaitika bila kusita.

Sasa sikilizeni hapa kwenye waya maana ndo wengi wanapokosea halafu wanasema friji mbovu. Mimi wiki ya kwanza nilichomeka kwenye tundu la kuwashia sigara pale dashibodi, ikawa inawaka dakika mbili inazima, inaandika E1. Nikajua nimepigwa tena, nikataka kuirudisha. Fundi umeme mmoja Makambako akachukua mita yake, akapima kwenye betri, volti 25.2, nzuri kabisa. Akapima kwenye plagi ya friji kompresa ikiwa inataka kuwaka, 22 na kitu. Akacheka. Waya wa pale ni mwembamba kama uzi na tundu lenyewe limelegea, umeme unapotelea njiani, friji inadhani betri inakufa inajizima kuilinda. Akavuta waya mnene wa milimita 6 moja kwa moja kutoka kwenye betri, akaweka fyuzi ya ampea 15 jirani kabisa na betri (sio jirani na friji jamani, waya ukikwaruzika katikati na fyuzi iko mwisho, gari linaungua), kazi yote 35,000. Tangu siku hiyo sijaiona hiyo E1.

Na kitu kingine, msichukue volti 12 kutoka kwenye betri moja kati ya zile mbili za 12 zinazoungwa pamoja kutoa 24. Najua wote tunafanya, na mimi nilifanya kwa ajili ya inveta (inageuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) ya kuchajia simu na kuangalia mpira. Ile betri moja inanyonywa peke yake, alteneta, jenereta ya injini, inachaji zote mbili kwa pamoja, moja inabaki na njaa nyingine inavimbiwa, miezi minne tu nikazika betri nzima. Tafuta inveta ya 24 yenyewe, zipo.

Je imelipa? Kabla ya friji mimi na tingo wangu tulikuwa tunakula kwa mama ntilie kila siku foleni inaposimama, na ukivuka kule ng'ambo bei inabadilika kabisa. Siku hizi nashuka Feri nachukua samaki nawagandisha, Ilula nachukua nyanya, vitunguu nimeshavibeba Ruaha Mbuyuni, gesi iko kwenye boksi la ubavuni mwa tela, tunapika nje chini ya kivuli cha gari kama tupo pikiniki. Nyama mbichi tunaimaliza kabla ya mpaka, sitaki maswali ya watu wa mifugo. Kwa daftari langu napunguza kama 80,000 kila safari, safari zimeshafika 8, pigeni wenyewe. Ila kusema ukweli hata isingejilipa ningeinunua tu, kunywa maji ya baridi ukiwa gari la 200 kwenye foleni, Oktoba, jua la Kasumbalesa linachoma bati juu yako, hiyo haina bei.

Ubaya wake nao upo. Kelele, sio kubwa, ila iko karibu na kichwa changu na ikiwaka saa tisa usiku inatetemesha chupa zilizo ndani, zinagongana kling kling kling, nimewekea taulo. Inakula nafasi yote ya katikati ya viti, tingo akitaka kupanda kitanda cha juu anaikanyaga, nimesema mpaka nimechoka. Na bawaba ya kifuniko ni plastiki, ilikatika mwezi wa tano, mashimo ya barabara sijui kiti sijui mguu wa tingo, anakataa.

Kuna mtu atasema si bora uweke kile kiyoyozi cha juu ya paa kinachotumia betri. Mwenzangu tunayefuatana nae anacho, kimemtoka zaidi ya milioni 2 na ufundi juu. Ni raha, sikatai, nimelala humo usiku mmoja nikaomba shuka. Lakini kinavuta ampea 25 mpaka 30, kwa betri hizi hizi za kuwashia gari. Nakonde, ng'ambo ya Tunduma upande wa Zambia, alilala vizuri mpaka saa tisa, asubuhi foleni imesogea, yeye anapiga stata, tik tik tik. Tukamtoa kwa betri zangu, nyuma watu wanapiga honi wanamtukana kwa lugha tatu. Ukikitaka weka na betri zake za pembeni, la sivyo usithubutu. Mimi nina feni mbili za volti 24, moja chini moja juu kwa tingo maana joto lote linapanda kwake, 40,000 zote, na wavu wa mbu fundi cherehani wa Tunduma alinishonea na sumaku pembeni unang'ang'ania kwenye fremu ya mlango, dirisha linabaki wazi inchi mbili, mkono wa mwizi haupiti.

Ila mtu ukiniambia una laki moja tu uanze na nini, sikwambii friji, nakwambia godoro. Langu lilikuja na gari, sponji limelala mpaka unahisi ubao, mgongo ukawa unanidai kila asubuhi. Nilienda Keko kwa fundi sofa, akakata sponji gumu inchi 4 kufuata kona za kitanda, kitambaa cha zipu, 85,000. Nilitaka la inchi 6 nijidai, akanikataza, na alikuwa sahihi maana ningeinuka usingizini nigonge kitanda cha juu. Chini yake nimetandika mkeka wa ukindu, sababu Mafinga na Makambako mwezi wa saba baridi inatoa jasho chini ya godoro na lile la zamani lilishaota ukungu. Mkeka unaacha hewa inapita. Na baridi hiyo hiyo, tafadhali, jiko la mkaa lisiingie kebini hata kwa dakika tano, madirisha yakifungwa hewa yake inaua mtu usingizini bila hata kukohoa. Blanketi mbili zinatosha.

Friji bado iko vilevile, inagandisha kama siku ya kwanza, kifuniko nakifunga kwa kamba ya manila. Bawaba nimeulizia maduka manne mtaa wa Gerezani, Dar, wananiambia nunua friji nyingine.