TAHADHARI: Anayeuza "upanga wa Seyyid Said" kwenye magrupu ya WhatsApp

Ndugu zangu wa Unguja, Pemba na Mombasa, na hasa mlioko Maskati na Dubai: kuna mtu anauza panga na majambia akidai ni mali ya kasri iliyozagaa baada ya Mapinduzi ya 1964. Ami yangu wa Maskati ameshamtumia pesa. Alitaka mwanawe avae kitu cha asili ya kwao siku ya harusi, akaletewa chuma kilichopakwa kiwi. Msimpe mtu huyu hata senti.

Upanga wenyewe nimeushika. Kwenye bapa pameandikwa jina la Seyyid Said bin Sultan, yule sultani wa Oman na Zanzibar, na mwaka 1310. Huo ni mwaka wa Hijria, ulioanza 1892. Seyyid Said alifariki baharini mwaka 1856, akirejea Unguja kutoka Oman, na kwa Hijria ilikuwa 1273. Upanga wake utaandikwaje miaka zaidi ya thelathini baada ya kuzikwa?

Ala nayo haidanganyi. Nakshi za upande huu na za upande wa pili ni zilezile, mpaka kijidonda kidogo kwenye ua la tatu kimejirudia palepale. Hiyo imetoka kwenye kalibu, sonara hakuigusa. Wazee walikuwa wakiyeyusha sarafu za reale za Maria Theresa kupata fedha ya kazi hizi, na fedha hainaswi na sumaku. Hii imenaswa mara moja. Tena upanga ule mrefu wa Kiomani una bapa jembamba linalonepa. Kwenye razha, ngoma ya panga ya Kiomani, wanaume huutikisa mpaka ukavuma. Huu wa ami haunepi hata kidogo.

Kwenye majambia hutaja pete saba za alani kama ushahidi. Ni kweli mtindo wa Saidi wenye pete saba unahusishwa na ukoo wa kifalme, lakini masonara wa Oman wanautengeneza mpaka leo. Akikwambia mpini ni pembe ya kifaru, kimbia kabisa: biashara ya kimataifa ya pembe hizo imepigwa marufuku chini ya CITES, mkataba wa kulinda wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu 1977. Ikiwa ni uongo umeibiwa, ikiwa ni kweli utakamatwa uwanja wa ndege.

Picha anazotuma zimepigwa kwenye kabati la makumbusho. Tazameni pembeni, mwako wa taa unaonekana kwenye kioo. Ukimwomba video anasema kuna mgeni anaitaka jioni hii, mtumie nusu kwanza. Ukishatuma, laini inazimwa na baada ya siku chache anarudi kwa namba nyingine.

Kinachoniuma ni kwamba anawawinda wazee. Babu zetu walivaa jambia kiunoni juu ya kanzu, joho likiwa wazi mbele, na mtu akijulikana heshima yake kabla hajatoa salamu. Mzee anayetafuta kumrithisha mwanawe hilo hapaswi kufanyiwa hivi.

Aliyekwisha tapeliwa asifute ujumbe wala risiti ya muamala. Aniandikie inbox, tunakusanya ushahidi tuupeleke polisi kwa pamoja.