Mawakili walionitetea kwenye madai ya rangi yenye risasi

Nawapa alama za juu mawakili hawa, na wala si kwa sababu nililipa pungufu ya nilichodaiwa. Siku ya kwanza, hata faili halijafunguliwa, wakili mkuu aliniuliza kama mtoto wa mpangaji wangu bado analala kwenye chumba chenye rangi hiyo. Jina la ofisi sitalitaja, kwa kuwa makubaliano tuliyotia saini yana kifungu cha usiri kinachomlinda mtoto huyo. Ila huduma yenyewe nitaieleza kwa kina, maana mwenye nyumba anayeletewa barua ya madai ya sumu huwa hajui hata wakili wa aina gani amtafute.

Mpangaji wangu alidai kwamba damu ya mwanawe imekutwa na risasi, ile metali yenye sumu, na kwamba imetoka kwenye rangi ya madirisha ya jengo langu. Jengo ni la zamani na nililinunua likiwa na wapangaji ndani. Watu wangu wa karibu wote walikuwa na ushauri mmoja: ita fundi leo, kwangua, paka rangi mpya, kesi iishe.

Wakili alilikataa hilo palepale. "Mama, usiguse dirisha hata moja. Mtoe mtoto kwenye chumba, vumbi lifutwe kwa kitambaa kibichi, basi." Rangi ya zamani ikipigwa msasa mkavu inageuka vumbi laini linalotua sakafuni, na mtoto anayetambaa analimeza kwa mikono yake. Kwa hiyo kukwangua kungemdhuru zaidi yule anayelalamika, na papo hapo kungeharibu ushahidi. Hakimu akiona mwenye nyumba amefuta ushahidi baada ya kupokea barua ya madai, utetezi wake wote unatiliwa shaka. Jioni hiyohiyo waliandika barua kwa mpangaji kumpa nyumba nyingine ndani ya jengo bila kodi mpaka vipimo vikamilike, wakieleza wazi kwamba hatua hiyo si kukiri kosa. Nilikuwa na wasiwasi kwamba wema huo utageuzwa ushahidi dhidi yangu. Wakanieleza kwamba sheria nyingi zinalifikiria jambo hilo. Kwa mfano Marekani, Kanuni ya 407 ya ushahidi katika mahakama za shirikisho hairuhusu matengenezo yaliyofanywa baada ya madhara kutumika kuthibitisha uzembe. Kila nchi ina utaratibu wake, na wakili asiyekueleza wa kwenu ukoje kabla hujachukua hatua, muulize.

Upimaji ndio ulionifanya niiheshimu ofisi hii. Hawakutuma mtu wao kimyakimya. Walimwalika mtaalamu wa upande wa mdai, wote wawili wakasimama dirishani pamoja. Mpimaji alikuja na kifaa cha mkononi kinachotumia eksirei. Anakigandamiza kwenye fremu, baada ya muda mfupi kinaonyesha kiasi cha risasi kilichomo hata chini ya rangi mpya, bila kukwangua chochote. Kwenye kuta hakukuwa na kitu. Kwenye fremu za madirisha, pale mbao zinaposuguana kila dirisha linapofunguliwa, namba zilipanda. Kisha alikata kipande kidogo cha rangi, kama ukucha, hadi kwenye mbao. Tukitazama ubavu wake kwa lenzi, tuliona nyeupe juu, chini yake krimu, chini kabisa kijani iliyokolea. Kipande kikatiwa kwenye mfuko, kikafungwa, kikaandikwa saa na jina la aliyekichukua, na kila aliyekipokea hadi maabara akatia saini. Majibu yalisema risasi imo kwenye tabaka la chini kabisa.

Hapo kesi ikabadilika sura. Tabaka hilo lilipakwa zamani sana kabla sijamiliki jengo. Hatari ya risasi kwenye rangi si habari mpya. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) wa kudhibiti rangi nyeupe ya risasi ni wa mwaka 1921, na Marekani ilipiga marufuku rangi ya nyumba yenye risasi mwaka 1978. Kwa hiyo "sikujua" haikunitosha, na wakili alinieleza hivyo bila kuzunguka. Mahakama inauliza pia kama ulipaswa kujua. Alichokitafuta yeye ni nani aliyeifanya rangi iliyotulia kuwa vumbi. Wakafukua mikataba na stakabadhi, wakagundua kwamba mkandarasi wa matengenezo alipiga msasa madirisha yale, wakati mkataba wake ulimtaka afuate taratibu za usalama kwa rangi ya zamani. Wakamwingiza kwenye shauri kama mhusika wa tatu. Bila karatasi hizo ningebeba mzigo wote peke yangu.

Suala la afya walilishika kwa uangalifu mkubwa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama, na tangu 2021 linashauri chanzo kitafutwe mtu akifikisha mikrogramu 5 kwa desilita. Kwa hiyo hakuna wakili mwenye akili anayesimama kusema kiasi kidogo hakina neno. Swali halali ni: imetoka wapi, na lini? Risasi haikai sana kwenye damu, nusu yake hupungua kwa takriban mwezi mmoja, ila kwenye mifupa hukaa miaka mingi. Kipimo kimoja peke yake hakisemi mengi. Wakaomba mfululizo wa vipimo vyote, kwa ridhaa ya mama wa mtoto, na ikaonekana kwamba kiasi fulani kilikuwepo kabla familia haijahamia kwangu, kisha kikapanda baada ya ule msasa. Mabomba ya zamani, vyombo vilivyopakwa rangi ya kung'aa, betri zinazoyeyushwa karibu na makazi, vyote huweza kuwa chanzo.

Nikaona kesi imekwisha. Wakili akanituliza. Alinieleza hukumu ya Fairchild ya mwaka 2002, ambapo majaji wa juu wa Uingereza waliwapa haki wafanyakazi waliougua saratani iletwayo na vumbi la asbesto, madini ya nyuzinyuzi, hata bila kuthibitisha ni kwa mwajiri gani kati ya kadhaa walikovuta nyuzi zilizowaletea ugonjwa. Ni kesi ya aina nyingine, ila inaonyesha kwamba kusema "labda imetoka kwingine" kunaweza kusikufikishe popote. Huo ndio ukweli ninaoutaka kwa mtu ninayemlipa.

Jambo moja zaidi linanigusa hadi leo. Kuna aliyependekeza mama ahojiwe kuhusu usafi wa nyumba yake, ili ionekane ni uzembe wake. Wakili alikataa katakata, akasema mtoto ni mgonjwa kweli na mama hakupaka rangi ile. Nilikubaliana naye kwa moyo wote. Unaweza kubishana kuhusu nani alipe bila kumdhalilisha mtu.

Kasoro zipo. Ankara zao ni za saa, na maelezo ni mafupi mno: "mapitio ya nyaraka" ukurasa mzima, bila kusema nyaraka zipi. Ilibidi nidai mchanganuo, wakautoa, lakini haikupasa niombe. Ripoti ya mtaalamu ililetwa kwangu jinsi ilivyo, imejaa vifupisho, na wakili msaidizi alichelewa kunifafanulia hadi karibu na kikao cha usuluhishi. Mwenye nyumba asiye na mazoea ya sayansi angeingia kikaoni gizani.

Kwenye bima walikuwa wepesi. Walitoa taarifa kwa kampuni mara moja, kwa sababu kuchelewa tu huweza kukunyima haki, na hati nyingi za bima zina kifungu kinachoondoa madhara ya uchafuzi kwenye fidia. Walisoma pia hati za bima za miaka ya nyuma, kwani wakati mwingine inayohusika ni ile iliyokuwepo madhara yalipotokea, si ya leo.

Tulimaliza kwa usuluhishi. Mkandarasi alibeba sehemu yake, mimi yangu, na madirisha yote yalibadilishwa na mafundi wenye mafunzo ya kazi hiyo, chumba kikiwa kimezibwa kwa nailoni na vumbi likipimwa kabla mtu hajarudi. Ukienda kwa mawakili wa namna hii, beba mkataba wa ununuzi, mikataba ya kila fundi aliyegusa jengo, ujumbe wote wa wapangaji bila kufuta hata mmoja, na hati za bima hata zilizokwisha muda.